Mbatata Haina Kosa, Kosa ni la Karai la Mafuta



Yakizungumzwa maradhi ya sukari katika mikusanyiko yetu hapa Abu Hamour, hakosekani mtu wa kusema: "Acha mbatata." Anayeambiwa huitikia kwa kichwa, halafu hujaza sahani ya wali mweupe. Mimi naona tunaionea mbatata (viazi mviringo, kwa wenzetu wa bara). Wa kulaumiwa zaidi ni karai la mafuta. Leo nataka kukitetea chakula ambacho wengi wetu hatujawahi kukipika: saladi ya mbatata ya moto, kama wanavyoila Wajerumani wa kusini. Haikaangwi wala haitiwi mayonezi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Kwa hesabu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021, eneo la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ndilo lililoongoza duniani kwa kisukari: asilimia 16.2 ya watu wazima, yaani takriban mmoja kati ya sita. Sisi tunaishi humo humo. Jua kali linatufungia ndani, tunatoka kwenye gari tunaingia kwenye kiyoyozi, na chakula cha kukaanga kinaletwa mlangoni kwa pikipiki.

Tusisahau kilichotuleta. Mwili wa mtu mmoja hapa Doha unasomesha watoto Tanga, unalipa kodi ya nyumba Mombasa na kununua dawa za mzee Jinja. Mwili huo ukiharibika, hauumwi peke yake. Kwa hiyo suala la chakula cha jioni si la urembo wa umbo, ni suala la riziki ya watu wengi.

TUNAVYOIZOEA MBATATA

Hebu tujihesabie. Dar es Salaam ni chipsi mayai. Mombasa ni viazi karai na bajia. Zanzibar kuna katlesi. Mbatata ya kuchemsha tunaikuta kwenye urojo na mchuzi, lakini tukitaka kujifurahisha tunakwenda kwenye mafuta. Na Ijumaa, siku ya mapumziko, wanaotoka msikitini na wanaotoka kwenye yale makanisa ya hapa Abu Hamour wote huishia kwenye kuku na chipsi.

Mwezi Agosti 2025 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliowafuatilia wafanyakazi wa afya zaidi ya laki mbili wa Marekani kwa miongo kadhaa. Waliokula chipsi mara tatu kwa wiki walionekana kuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi kwa takriban asilimia 20. Kwa mbatata za kuchemsha, kuoka au kuponda, ongezeko la maana halikuonekana. Na hapa wapenzi wa pilau wasikilize: kuacha mbatata na kula wali mweupe badala yake kulihusishwa na hatari kubwa zaidi. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba chipsi peke yake ndiyo sababu, lakini unatosha kututoa kwenye ule ushauri wa "acha mbatata, kula wali".

SIKI INAFANYA NINI

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwapa watu wachache wenye afya mbatata zilizochemshwa, zikalazwa kwenye friji, kisha zikatiwa siki na mafuta ya zeituni. Sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko walipokula mbatata zilizotoka motoni bila siki. Sababu ni kwamba mbatata ikipoa, sehemu ya wanga wake hukaza na haimeng'enywi upesi, na siki nayo hupunguza kasi ya wanga kugeuka sukari. Siki si dawa, wala asitokee mtu akaacha vidonge vyake kwa ajili yake. Lakini ni kiungo tunachokijua kwenye achari na kachumbari, na ni rahisi.

VIPIMO (watu 4)

Mbatata ndogo za ngozi nyembamba - kilo 1
Kitunguu maji, kilichokatwa vidogo vidogo - 1
Supu ya kuku au ng'ombe isiyo na chumvi nyingi - kikombe 1
Siki - vijiko vya kulia 4
Haradali - kijiko cha kulia 1
Mafuta ya zeituni au alizeti - vijiko vya kulia 3
Pilipili manga, chumvi kidogo, kotmiri (dania)

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Osha mbatata, zichemshe na maganda yake dakika 20 hadi 25, mpaka kisu kiingie bila kuzivunja.
2. Mwaga maji. Zingali moto kiasi cha kushikika, zimenye na kuzikata vipande vyembamba.
3. Chemsha supu pamoja na kitunguu, siki, haradali na pilipili manga. Mimina juu ya mbatata.
4. Geuza polepole, acha dakika 15 zinywe ile supu. Siri ya chakula hiki iko hapa: mbatata ya moto hufyonza siki hadi ndani, iliyopoa huvaa siki nje tu.
5. Malizia kwa mafuta na kotmiri. Onja kwanza ndipo utie chumvi.

Kazi yote haizidi dakika 50, kwa sufuria mbili na jiko moja. Hilo ni jambo kubwa kwa wanaogawana jiko na wapangaji wenzao, au kwa anayerudi zamu saa mbili usiku.

Wako wanaotia nyama ya nguruwe ya chumvi. Sisi hatuihitaji. Waislamu miongoni mwetu hawaili, na hata kwa anayekula, ni kuongeza chumvi na mafuta bure. Ladha inatoka kwenye supu na siki.

YA KUZINGATIA

Kwanza, kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na mbatata haihesabiwi humo. Basi mbatata ichukue robo ya sahani, mahali pa wali au ugali, si juu yake. Nusu ya sahani iwe kachumbari au mchicha, na robo iliyobaki samaki wa kuchoma. Hamour, ambaye kwetu ni chewa, anafaa sana.

Pili, chumvi. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Vidonge vya supu vimejaa chumvi. Ukivitumia, tia nusu kidonge na usiongeze chumvi nyingine.

Tatu, joto. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika kiangazi cha Doha hata hizo ni nyingi. Anayebeba chakula kazini akitie kwenye friji usiku na akibebe na barafu. Kesho yake kinaliwa baridi, au kinapashwa moto sawasawa.

Nne, mbatata iliyogeuka kijani au kuota machipukizi mengi itupwe. Na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu mbatata ina madini mengi ya potasiamu.

Ndugu zangu, sisemi tuache kabisa viazi karai. Sikukuu ni sikukuu. Ninachosema ni kwamba karai lisitupikie kila wiki. Akina mama na akina baba wa Abu Hamour, na nyinyi vijana mnaoishi sita nyumba moja, Ijumaa ijayo chemsheni kilo moja badala ya kuagiza chipsi. Na aliyepita miaka 40, au mwenye mzazi mwenye sukari, apitie kituo cha afya akapimwe hata kama hajisikii vibaya. Kisukari hukaa mwilini miaka bila kupiga hodi.