Kavimvira: Anayepanda mwamba kutafuta ugali naye ana kichwa

UVIRA – Kila mara jiwe linapomwangukia mtu kwenye miteremko ya milima iliyo juu ya Kavimvira, neno la kwanza kusikika ni lile lile: “Ajali haina kinga.” Linasemwa msibani, linasemwa na mwenye lori la mawe, linasemwa hata na majirani wenye huruma. Wanaolisema wanadhani wanawafariji wafiwa. Kumbe wanafunga mazungumzo ambayo yangepaswa kuanza siku hiyo. Ajali ya jiwe kuangukia kichwa ina kinga. Ni kofia ngumu, ile ambayo wengi mjini wanaiita kaske.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Wakaaji wake wanajenga kwa mawe ya milima hiyo na kwa mawe yanayoshushwa na mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Baada ya mto Mulongwe kufurika mwezi wa Aprili 2020 na kubomoa maelfu ya nyumba, haja ya mawe iliongezeka. Na waliopoteza nyumba na mashamba, pamoja na familia zilizokimbia bunduki katika uwanda wa Ruzizi na nyanda za juu, wengi hawakuwa na mtaji mwingine isipokuwa mikono yao. Kuvunja mawe hakuhitaji diploma wala kadi. Kunahitaji nyundo, mtaimbo na njaa nyumbani.

Kazi yenyewe inajulikana. Kijana anapanda juu ya mwamba, anachomeka mtaimbo kwenye ufa, anasukuma. Jiwe linang'oka na kuteremka. Chini wapo wanaolivunja kuwa kokoto, wengi wao akina mama, wengine wakiwa na watoto. Aliye juu anaweza kuteleza na kujigonga. Walio chini wanaweza kupigwa na kipande ambacho hawakukiona kikija. Karibu wote hawana kitu kichwani isipokuwa kitambaa au kofia ya jua.

Sasa watazamwe wengine wanaopanda miamba. Huko Kenya, kwenye kilele cha Batian chenye mita 5,199, watu wanapanda mwamba kwa kamba, kwa starehe zao, na wanavaa kofia ngumu tangu chini. Tanzania nako, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, mawe yaliporomoka tarehe 4 Januari 2006 na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ile ilifungwa na uchunguzi ukafanyika kabla ya kufunguliwa tena. Hakuna aliyesema ajali haina kinga. Walikaa wakauliza: jiwe lilitoka wapi, watu walikuwa wamesimama wapi, nini kibadilishwe?

Tofauti kati ya mpandaji wa Batian na mvunja mawe wa Kavimvira haiko kwenye fuvu. Mfupa ni ule ule. Tofauti ni kwamba wa kwanza anapanda siku chache katika maisha yake, naye wa pili anapanda kila siku ya kazi. Aliye hatarini zaidi ndiye asiye na kofia. Hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Wapo wanaosema jiwe dogo halina neno. Hesabu inawakatalia. Jiwe linaloanguka kutoka mita 10 linafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, mwendo wa pikipiki barabarani. Kutoka mita 20 linafika kwa mwendo wa karibu kilomita 70. Kofia za wapanda milima zinazofuata kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 12492 hupimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 5 kutoka mita 2. Pigo hilo ni sawa na jiwe la kilo 1, uzito wa mfuko wa sukari, linaloanguka kutoka mita 10. Kwa hiyo jiwe la ukubwa wa ngumi si dogo. Ndilo hasa ambalo kofia imetengenezwa kulipokea.

Inalipokeaje? Gamba la nje linalitawanya pigo ili lisiingie mahali pamoja. Ndani kuna povu gumu au mikanda inayobonyea na kuimeza nguvu kabla haijafika kwenye ubongo. Bila hayo, kinachobonyea ni fuvu.

Na hatari ya kichwa haionekani siku zote. Mtu anaweza kupigwa, akaanguka, akasimama tena na kusema yuko sawa. Ndani ya fuvu damu inaendelea kuvuja polepole. Saa chache baadaye anatapika, anasinzia, anaongea maneno yasiyoeleweka. Familia inadhani amechoka na inamwacha alale. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Sababu zinazotolewa za kutovaa kofia zinajulikana pia. Ya kwanza ni joto. Ni kweli, jua la Uvira ni kali, lakini kofia za wapanda mwamba ni nyepesi na zina matundu ya hewa, na askari wa mji huu wanavaa kofia za vita chini ya jua hilo hilo. Ya pili ni mazoea: “Baba alivunja mawe maisha yake yote bila kaske.” Anayesema hivyo ni mtoto wa aliyepona. Watoto wa waliokufa hawaulizwi. Ya tatu ni imani kwamba Mungu ndiye mlinzi. Hakuna anayebisha. Lakini mtu huyo huyo akilala anafunga mlango, na haoni kwamba amemkosea Mungu.

Sababu ya nne ndiyo yenye uzito, nayo ni pesa. Mama anayeuza kokoto ili watoto wale ugali na ndagala jioni hawezi kuacha chakula anunue kofia. Kumwambia “jilinde” halafu kuondoka ni kumtupia lawama mtu asiye na uwezo. Hapa ndipo kidole kinapaswa kugeuka kuelekea kwa wanaonunua mawe.

Mawe ya mlima yanaingia kwenye misingi ya nyumba za ghorofa, kwenye madaraja, kwenye kuta za kuzuia mito zisiwamalize watu tena. Kazi hizo zina bajeti, zina wahandisi, zina mabango. Kwenye bajeti ya ujenzi kofia za mafundi huandikwa, na mgeni akija kutembelea kiwanja anavalishwa yake kabla ya kushuka kwenye gari. Lakini ukuta haukuanzia kwenye kiwanja. Ulianzia juu ya mwamba, mikononi mwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Haifai mgeni wa nusu saa alindwe na mtu wa kila siku asahauliwe.

Wanunuzi wana jibu lao: “Hao si wafanyakazi wangu, nanunua mawe tu.” Sheria ya kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Mvunja mawe hana mkataba, basi kila mmoja anajificha nyuma ya pengo hilo. Lakini anayepanga bei, anayeamua ukubwa wa jiwe, anayetaka lori lijae kabla ya jioni, ndiye anayeongoza kazi, hata kama hakuandika mkataba. Faida anaichukua. Hatari nayo aichukue sehemu.

Dawa si ngumu. Kila lori linalopakia mawe liache kiasi kidogo cha franka kwa ajili ya kofia, pesa zikae kwa kamati iliyochaguliwa na wavunja mawe wenyewe, akina mama wakiwemo, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mashirika yanayojenga kwa mawe ya Uvira yaandike kwenye mkataba wa ununuzi kwamba mawe yatoke mahali ambapo watu wanavaa kofia. Ofisi ya meya na machifu wa mitaa wana uwezo wa kuwaita wanunuzi na kuwaambia hivyo. SAEMAPE, idara ya serikali yenye kazi ya kuwasaidia wachimbaji wadogo, imeundwa kwa mafunzo ya aina hii.

Kofia zikija, zisiwe za kupigia picha. Kofia ya mjenzi, yenye kipimo EN 397, ni nzuri kwa aliye chini, lakini mkanda wake wa kidevuni huachia kwa nguvu ndogo, na wakati mwingine mkanda haupo kabisa. Aliye juu ya mwamba anahitaji ya mpanda milima, ambayo mkanda wake unashika hata mtu akianguka. Kofia ya pikipiki ni nzito na inaziba masikio, mtu asisikie wenzake wakipiga kelele “Jiwe!”, ingawa bado inashinda kichwa kitupu. Mkanda ufungwe: kofia iliyolegea inaanguka kabla ya mwenyewe. Kofia iliyopata pigo kubwa au ufa itupwe, kwa maana povu lililobonyea halirudi. Isipakwe rangi, kwa kuwa rangi nyingine hudhoofisha plastiki.

Kofia isigeuzwe pia kuwa kibali cha uzembe. Haizuii jiwe kubwa kama pipa. Haimwokoi aliyefukiwa na udongo: mnamo Septemba 2020, huko Kamituga katika jimbo hili la Kivu Kusini, mvua kubwa iliangamiza makumi ya wachimba dhahabu ndani ya mashimo yao, na hakuna kofia ambayo ingewatosha. Kwa hiyo watu wasifanye kazi chini wakati mwenzao anang'oa juu. Mwamba uliolowa uachwe mpaka ukauke. Na watoto waondolewe kabisa. Mtoto mwenye kofia kwenye mwamba bado ni mtoto aliyekosa shule, na sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda dhidi ya kazi ya namna hiyo.

Lakini kusema kofia haitoshi si kusema haifai. Mpini wa nyundo hupasuka, na bado hakuna anayevunja mawe kwa ngumi.

Familia zilizokimbia zilifika Uvira zikiwa zimepoteza nyumba, mifugo na wapendwa. Kichwa cha mama au cha kijana anayewalisha ndicho mali iliyobaki, nacho hakina kingine cha kubadilishia. Mnunuzi anayejua kuhesabu mawe kwenye lori anajua pia kuhesabu vichwa vilivyoyatoa. Ahesabu, kisha alipe.