Bustani Zimwagiliwe kwa Majira, Si kwa Saa

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha bila huruma, nilitoka Ndia Kuu nikielekea Ngomeni. Njiani nilipita bustani moja ya hadhara, na nililoliona lilinisimamisha. Mabomba ya kunyunyizia yalikuwa yakizunguka na kumwaga maji juu ya nyasi zilizokwisha kulowa chapachapa. Kando yake alipita kijana akisukuma mkokoteni uliojaa mitungi ya lita 20, akiwapelekea maji watu ambao mifereji yao ilikuwa mikavu. Nilipouliza, nikaambiwa kuwa kuna mtambo uliotegwa kufungua maji saa kumi na mbili kila asubuhi, na hakuna aliyepewa kazi ya kuubadilisha.

Jambo hili si dogo. Kisiwa cha Mombasa hakina mto, na visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi. Maji tunayoyanywa hutoka mbali: Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere katika Milima ya Shimba, Tiwi, na chemchemi za Mzima huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa bomba. Maji yasafiri mwendo wote huo, kisha yamwagwe juu ya mvua!

Wako wasemao kwamba dawa ni kuacha bustani zikauke. Siwaungi mkono. Katika mji wenye vichochoro vyembamba na joto la Februari, kivuli cha mti ni haki ya mpita njia. Tatizo ni ratiba, wala si bustani.

Siku hizi viko vidhibiti vya umwagiliaji vinavyofuata hali ya hewa. Hukadiria maji yanayopotea kutoka ardhini na majanini kwa sababu ya jua, upepo, joto na unyevu wa hewa, vikatoa mvua iliyonyesha, kisha vikarudisha upungufu tu. Huko California, Marekani, vituo vya kupima hali ya hewa kwa ajili ya hesabu hizo vilianza mwaka 1982. Lakini tusidanganyike kwamba ukinunua mtambo umemaliza kazi. Kabla haujafaa kitu ni lazima uambiwe: hapa pana nyasi au mwarobaini wenye mizizi mirefu? Ni udongo wa mchanga usioweka maji, au ni tabaka jembamba juu ya mwamba wa matumbawe? Pana kivuli cha ukuta au jua la kutwa? Mabomba yenyewe hutoa kiasi gani kwa dakika? Anayeuacha kama ulivyotoka kiwandani ana saa ya bei ghali tu.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapohusika, kwa maana hesabu yake ni ya darasani. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuchukulie kwamba nyasi hupoteza milimita 5 kwa siku ya kaskazi. Bustani ya mita za mraba 100 basi yahitaji lita 500, yaani mitungi 25 ya yule kijana wa mkokoteni. Kila siku ya mvua ya kutosha ambapo bomba halikufungwa, mitungi 25 imepotea. Na kujua bomba lifunguliwe kwa muda gani hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Panga makopo yenye kingo zilizonyooka hapa na pale bustanini, fungua maji kwa dakika 15, kisha pima kwa rula. Wastani ukiwa milimita 4, basi milimita 5 zitahitaji takriban dakika 19. Udongo wa mchanga hupewa kidogo mara kwa mara. Penye mteremko, dakika hizo hugawanywa mara mbili ili maji yasikimbilie barabarani. Na ni alfajiri, kabla jua na upepo havijapata nguvu.

Wazee wetu hawakuwa na mtambo, lakini walikuwa na ratiba. Walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumikumi, kuanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha alijua wakati wa kutweka tanga. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mwenye asumini na mrehani juu ya dari alijua kuwa kata ya maji haina likizo; kusi ikiingia na masika yake, kata ilipumzika. Kidhibiti kipya hufanya jambo lilo hilo kwa nambari. Inashangaza kwamba tunawafundisha watoto majina ya pepo hizi kwa ajili ya mtihani, kisha tunawaacha waamini kwamba maji hufuata mshale wa saa.

Wanaosimamia bustani za mji wamtaje kwa cheo mtu mmoja mwenye wajibu wa kubadilisha ratiba kila mwezi, na kuifunga mvua inyeshapo. Nazo shule za kisiwani zianze na kipimo cha mvua: chupa ya plastiki ya ubavu ulionyooka iliyokatwa shingo, shingo yenyewe ikapinduliwa ndani yake kama mrija, na rula ubavuni. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na kuta, kisomwe saa tatu kila asubuhi, na nambari iandikwe ubaoni ambapo mtunza bustani wa shule ataiona kabla hajagusa bomba.