Nauli ya kliniki nayo ni matibabu

SAFU: KUSINI MWA LIKONI
Na Mwanahamisi Juma

Kuna gharama ya ugonjwa ambayo haiandikwi kwenye risiti ya hospitali yoyote. Mgonjwa wa sukari anayetoka Mwereni, huku kwetu Kwale, kufuata kliniki Msambweni hulipa bodaboda mpaka kwenye lami, akapanda matatu, na jioni akairudia safari hiyo hiyo. Akiwa amepooza upande, boda hawezi kuipanda peke yake, kwa hiyo hulipia na mtu wa kumshika. Huyo naye kibarua cha siku hiyo kimempita. Dawa yaweza kuwa ya bure na daktari wa bure, na bado nyumba ikalala bila unga.

Wagonjwa wa Mkwiro na Wasini, kisiwani, wana bahari ya kuvuka kwanza. Ni mashua hadi Shimoni, kisha gari mpaka njia panda ya Kanana, ndipo wafike barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Kusi likivuma, tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki haina maana yoyote. Na mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Coast General, Mombasa, itambidi avuke na feri ya Likoni au azunguke Dongo Kundu.

Kwa wanaougua ghafla, angalau sheria imesema kitu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 lilizikabidhi kaunti huduma za ambulensi kwa jina. Kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mama akishikwa na uchungu usiku, au boda ikigongana na lori pale Ukunda, tunajua ni nani wa kudaiwa gari. Lakini presha haipigi king'ora. Mwenye presha, mwenye sukari, aliyepata kiharusi na anatakiwa mazoezi ya viungo, wote hawa si wa dharura. Ni wa miadi, na mtu wa miadi hana gari linalomhusu.

Chukua mgonjwa wa figo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa shilingi 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu. Ni pesa nzuri na zimeokoa watu. Ila anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki ana vikao 104 kwa mwaka, yaani kwenda mara 104 na kurudi mara 104, na safari hizo zote zinatoka mfukoni mwa mtu ambaye mwili wake hauwezi tena kazi. Akikosa kikao, maji na sumu hujaa mwilini, na siku chache baadaye ataletwa hospitalini akihema. Hapo ndipo atastahili ambulensi. Tunamngoja azidiwe ndipo tumpe usafiri.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza kwa nini akina mama hufa kwa uzazi, walitaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza na ule wa pili ni ndugu. Mtu asiye na nauli huchelewa hata kuamua. Atasema kichwa kitapoa, atakunywa mwarobaini, atangoja mwanawe wa Mombasa atume pesa. Nesi akiona jina lisilotiwa tiki humwita mtoro wa kliniki, lakini mtu huyo hakutoroka popote. Alikwama.

Jirani zetu wa Tanzania wamejaribu dawa. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, una namba ya simu ya bure, 115. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata tatizo, kituo cha simu hutafuta ambulensi. Ikikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa mapema, ambaye hulipwa na mpango baada ya kumfikisha mgonjwa. Sasa mpango huo umeenea nchi nzima. Hawakungoja kila kijiji kipate ambulensi yake. Walitumia gari lililokuwepo, wakaondoa swali la nani atalipa.

Kwale tuna tuktuk tele Ukunda na Diani, na boda hadi vichochoroni. Kilichokosekana ni fungu la bajeti na orodha ya madereva. Kaunti iwasajili, iweke bei ya kila njia, na mgonjwa mwenye kadi ya figo, kiharusi au sukari asafirishwe siku ya miadi bila kutoa senti. Kliniki nazo zipange wagonjwa wa wadi moja siku moja, ili gari moja liwachukue wote na kuwarudisha.

Kuna safari nyingine hazina haja ya kufanywa kabisa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hupelekewa. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akiangalia takriban nyumba 100, na wengi wamepewa mkoba wenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Kama mhudumu anaweza kumpima mzee barazani kwake, kwa nini mzee huyo, ambaye presha yake imetulia, asafirishwe kila mwezi kufuata vidonge vile vile? Wanaotumia ARV na hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi mitatu na zaidi. Wa presha wastahili vivyo hivyo.

Ataniuliza mtu, pesa zitoke wapi? Kaunti hii ilipoamua kwamba mtoto wa maskini lazima asome, ilianzisha mpango wa ufadhili wa masomo wa Elimu ni Sasa na pesa zikapatikana. Sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa vituo vya afya nayo imeziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao badala ya kuyapeleka kwenye hazina ya kaunti. Tena kumtibu aliyepooza kwa kukosa vidonge vya presha ni ghali kuliko nauli yake ya miaka mingi.

Gavana Fatuma Achani, na nyinyi wawakilishi wadi, majengo ya zahanati tumeyaona na tunashukuru. Jengo halimfuati mgonjwa. Nanyi wasomaji wangu, baraza la kujadili bajeti likiitishwa katika wadi yenu, nendeni. Mkishaonyeshwa hesabu ya mabati na saruji, inukeni muulize fungu la nauli za wagonjwa liko ukurasa gani. Kama halimo, msiondoke mpaka liandikwe.