Lenzi ya Safari Rally: usinunue urefu, nunua wepesi

JUMAMOSI moja ya Machi 2025, mpwa wangu alisimama kwenye kilima karibu na Elmenteita, kamera mkononi, akingoja magari ya Safari Rally katika mkondo wa Sleeping Warrior. Hakuwa ameenda kutazama tu. Familia moja ya mtaani kwao ilikuwa imemtangulizia Sh3,000 ili ampige picha kijana wao, ambaye alikuwa mwelekezi katika gari mojawapo la madereva wa hapa nchini.

Gari lilitokea, likaruka tuta, likateremka kwa kishindo. Lenzi nayo ikalia zrrr, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Ilipotulia, gari lilikuwa limekwisha kwenda zake. Picha aliyoileta nyumbani ilionyesha mgunga mmoja, safi hata unaweza kuhesabu miiba, na kando yake wingu la vumbi lenye taa mbili nyekundu ndani.

Pesa za watu zikarudishwa. Kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo, alibisha mlango na kuziweka mezani mbele ya mama yake mwelekezi. Aliniambia baadaye: "Mjomba, afadhali wangenigombeza. Walinipa chai."

Mwezi wa Julai, zamu ya dada yangu ikafika katika chama chao cha akina mama. Akanipigia simu. "Nina Sh45,000. Mpeleke huyu mtoto mjini akanunue hicho kifaa anacholilia. Lakini zikipotea bure, karo ya muhula ujao utailipa wewe."

Msomaji mpenzi, siku hiyo nilijifunza mengi kuhusu lenzi, kwa sababu hakuna mwalimu mkali kama karo ya mtoto wa dada.

BOMBA LA MILIMITA 800

Katika duka la kwanza, muuzaji alitupima kwa macho, akaingia nyuma na kutoka na lenzi ndefu kama bomba la maji. "Hii ni milimita 800," akasema. "Ukiwa Naivasha unapiga picha ya Nakuru." Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya pesa zetu. Macho ya mpwa wangu yakang'aa kama ya mtoto aliyeona peremende.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaomba kuisoma lenzi ile. Ubavuni iliandikwa f/8.3 hadi f/16, na haikuwa na mota hata moja ndani. Kila gari likija ungelazimika kuzungusha pete kwa mkono ukitafuta fokasi, huku ukichungulia kwenye giza.

Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Tunadhani shida ya kupiga picha gari la mashindano ni umbali. Shida hasa ni mwendo. Tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 108 kwa saa hupita mita 30 kwa sekunde moja. Lenzi ikichelewa nusu sekunde kupata fokasi, gari limesogea mita 15. Kwa hiyo swali la kwanza si "inafika wapi?" bali "inashika upesi kiasi gani?"

MAMBO MAWILI YALIYO NDANI

Wepesi wa lenzi hutokana na mambo mawili makuu: mota na mwanga.

Tuanze na mota. Lenzi nyingi za bei nafuu zina mota ndogo inayosukuma vioo kupitia vijigurudumu vya meno. Hiyo ndiyo inayolia zrrr. Lenzi bora za kamera za kioo hutumia mota ya umbo la pete inayoendeshwa na mitetemo midogo mno, na karibu haisikiki. Canon waliitoa mara ya kwanza mwaka wa 1987 katika lenzi ya milimita 300, wakaiita USM. Nikon huandika AF-S, Sigma HSM na Tamron USD.

Lakini tahadhari, herufi pekee hazitoshi. Kuna lenzi za milimita 75 hadi 300 zilizoandikwa USM, ilhali ndani mna mota ndogo isiyo na kasi ile. Lenzi ya jirani aliyoazima mpwa wangu Machi ilikuwa ya aina hiyo! Njia rahisi ya kuitambua mota ya pete ni hii: acha swichi kwenye fokasi ya kujiendesha, kisha zungusha pete ya fokasi taratibu kwa mkono. Ikikubali bila kukwama na unaona picha ikibadilika, huenda una kitu kizuri. Ikigoma, usiilazimishe, utaiharibu. Kwa lenzi za kamera mpya zisizo na kioo, ambazo mota zake ni tofauti, jaribio la barabarani nitakalolieleza ndilo hakimu.

Sasa mwanga. Zile namba za f huonyesha ukubwa wa tundu la lenzi, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga maradufu ya f/4, na mara nne ya f/5.6. Kamera hutafuta fokasi tundu likiwa wazi kabisa, kwa hiyo mwanga mwingi huisaidia kuona. Kamera nyingi za kioo, hasa za zamani, hushindwa kabisa kushika fokasi lenzi ikiwa na giza kuliko f/5.6. Ndiyo sababu kile kipande cha kurefusha lenzi nacho si dawa: cha mara 2 hukunyang'anya robo tatu ya mwanga.

MLANGONI, BODABODA WAKIPITA

Lenzi ya f/2.8 ya milimita 70 hadi 200 ndiyo wapiga picha wengi wa michezo huitegemea, lakini bei yake ingemeza pesa za chama na ng'ombe juu yake. Katika duka la tatu tukapata ndugu yake mdogo: Canon ya milimita 70 hadi 200, f/4, iliyotumika. Sh42,000.

"Haifiki hata 300," mpwa wangu akanung'unika. Nikamkumbusha kwamba kamera yake ina kihisi kidogo. Katika kamera ya Canon ya aina hiyo, picha hubanwa mara 1.6, hivyo milimita 200 huonekana kama 320. Kwa kona za Naivasha, hiyo yatosha.

Tulimwomba muuzaji ruhusa ya kusimama mlangoni. Tukaweka kamera kwenye fokasi ya kufuatilia, ile Canon huiita AI Servo, na Nikon na Sony huiita AF-C. Kisha tukapiga picha za bodaboda waliokuwa wakija upande wetu, picha kumi kumi. Tukazikuza kwenye kioo cha kamera na kuangalia namba za usajili. Saba katika kumi zilisomeka. Tukarudia kwa lenzi ya kulia zrrr iliyokuwa rafuni, zikasomeka mbili.

Tulimulika tochi ndani tukitafuta ukungu, ambao huota kama utando wa buibui kwenye vioo vilivyowekwa mahali penye unyevu. Tukahakikisha swichi zote zinafanya kazi, hasa ile ya kuizuia lenzi isitafute fokasi karibu ya mita 3. Swichi hiyo ni dhahabu, kwa maana gari halitakuja mita 3 kutoka kwako, na likija, picha si hoja tena! Mwisho tukadai risiti yenye namba ya lenzi, tusije tukanunua kesi ya mtu.

Wenye kamera ndogo za Nikon, kama zile za jamii ya D3000 na D5000, wakumbuke kwamba hazina mota mwilini. Lenzi za zamani za AF zisizo na mota zitaingia, lakini hazitashika fokasi zenyewe.

LENZI HAIPIGI PICHA YENYEWE

Nilimkanya mpwa wangu mambo matatu. Kwanza, lenzi fupi haimpi ruhusa ya kusogelea barabara. Asimame pale wasimamizi wanaporuhusu, na asikae nje ya kona ambako gari hutupwa likishindwa.

Pili, vumbi. Safari ilipotoka katika mashindano ya dunia baada ya 2002 na kurejea 2021, ilirejea na vumbi lake laini kama unga. Lenzi ile haikuzibwa dhidi ya vumbi, kwa hiyo aifunike kwa mfuko wa plastiki, na asibadilishe lenzi akiwa kando ya njia.

Tatu, ajifunze kasi za shata. Kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, gari letu la kilomita 108 husogea sentimita 3 tu, na picha huganda. Kwa 1 ya 125 husogea sentimita 24, na hapo lazima ulifuate kwa kamera kama unavyomfuata kuku kwa macho, ili gari litulie na nyasi zikimbie. Vumbi likizidi na kamera ikipotea, afanye kama wazee wa filamu: achague jiwe ambalo gari litalipita, aliwekee fokasi kwa mkono, angoje.

Na wewe usiye na Sh42,000, usikope. Kodisha lenzi nzuri kwa wikendi moja, uone kama kazi hiyo ni yako.

Miezi miwili baadaye mpwa wangu alienda kwenye mbio ndogo za magari nje ya Nairobi, bila kutumwa na mtu. Mwelekezi yule yule alikuwemo. Kati ya picha 160, karibu 60 zilikuwa safi. Katika moja, kupitia kioo cha mbele, unamwona dereva amekodoa macho barabarani, na kando yake mwelekezi ameinamisha kichwa, kidole kiko juu ya daftari lake, mdomo wazi, anasoma.

Aliipeleka kwa mama yule. Alipewa chai tena. Mama aliitazama picha muda mrefu, akauliza, "Kumbe huwa hata hatazami njia?" Kisha akaingia chumbani na kutoka na Sh3,000 zile zile.

Dada yangu hajanidai karo. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.