MAMBO YA NYUMBA: Mabomba ya Maji katika Nchi ya Jua Kali

Mtu aliyejenga Nyeri au Kakamega, kisha akahamishwa kazi kwenda Garissa, Wajir au Lodwar, hufika na maarifa yake ya mabomba, na baada ya mwaka mmoja huona ya kwamba nusu ya maarifa hayo hayamfai. Kule alikotoka adui wa bomba ni kutu na mizizi ya miti. Huku adui ni jua na chumvi, na uhaba wa maji yenyewe. Ndiyo sababu maswali ya wenye nyumba wa nchi kavu yafanana sana.

Linaloulizwa zaidi ni hili: mbona bomba la plastiki lililowekwa juzi tu limekwisha pasuka? Mara nyingi aliyeuza bomba hulaumiwa bure. Plastiki ngumu iitwayo PVC haistahimili mwanga wa jua mwaka baada ya mwaka. Kwanza hupauka, kisha hukauka ikawa kama ganda la yai, na siku mbuzi akijikuna hapo, bomba lavunjika na maji yote ya tangi yaenda mchangani. Dawa yake ni kulifukia bomba kiasi cha nusu mita chini ya ardhi, na pale linapopanda ukutani kulipaka rangi nyeupe ya maji, si ya mafuta. Lile bomba jeusi linalokunjika lavumilia zaidi, kwa kuwa limechanganywa na masizi, nayo masizi huzuia mwanga usipenye. Fundi akisema kuchimba mtaro ni kupoteza siku nzima ya kazi, asema kweli. Lakini siku hiyo ni rahisi kuliko tangi moja la maji yaliyonunuliwa kwa lori.

Kufukia kuna faida nyingine. Bomba lililolala juani hutoa maji ya moto adhuhuri, hata mtoto aweza kuungua mkono kabla mtu hajajua. Tangi nalo lafaa liwekwe kivulini, au lijengewe kipaa cha mabati au makuti, kwa maana vijidudu vingine vya maradhi ya mapafu hustawi katika maji ya vuguvugu, ya nyuzi 20 hadi 45. Rangi nyeusi ya tangi isibadilishwe kwa kuogopa joto, kwani ndiyo inayozuia mwanga, na pasipo mwanga ukungu wa kijani hauoti. Kifuniko kikae sawasawa, mbu wasipate mahali pa kutagia.

Wengine huuliza kama tangi laweza kuwekwa juu ya nguzo za miti ya kawaida ili maji yateremke kwa nguvu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja kamili, mbali na tangi lenyewe. Miti iliyoliwa na mchwa haiwezi kubeba mzigo huo juu ya vichwa vya watoto wanaocheza kivulini. Nguzo na ziwe za chuma au za mawe na saruji, na msingi wake uchimbwe mpaka penye ardhi ngumu.

Juu ya chumvi, malalamiko hayaishi: bomba la kuogea limeziba, birika lina ganda jeupe ndani, sabuni haitoi povu. Maji ya visima vingi vya nchi kavu yamebeba chokaa kutoka katika mawe yaliyopitia, na yakipashwa moto chokaa hiyo hugandamana. Kichwa cha bomba la kuogea kikifunguliwa na kulazwa ndani ya siki usiku kucha, matundu yake hufunguka. Birika vivyo hivyo, kisha lisuuzwe vizuri. Lakini mtu asidhani ya kwamba kuchemsha huondoa kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi haiondoki. Tena madini ya floridi, yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi sana huharibu mifupa, hayapungui kwa kuchemshwa. Maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki huzidi kuwa nzito. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Macho wala ulimi haviwezi kupima jambo hilo, hivyo maji ya kisima kipya yapelekwe kupimwa kabla ya kuungwa na mabomba ya nyumba.

Matone ya mfereji watu huyadharau. Mwenye nyumba na aweke chupa ya lita moja chini ya mfereji unaovuja, atazame saa. Ikijaa kwa saa moja, basi hupoteza lita 24 kila siku, zaidi ya mtungi mmoja wa punda, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720. Kipande cha mpira kilicho ndani ya mfereji ndicho kilichokwisha, na bei yake ni ndogo. Choo cha kuvuta maji huvuja kimya kimya, pasipo mtu kusikia. Kukijaribu, hutiwa kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya kisanduku cha maji nyuma ya choo, wala choo kisivutwe kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini bakulini, mpira wa kisanduku haufungi.

Harufu mbaya bafuni, ingawa pamesafishwa, ni ajabu inayowasumbua hasa waliotoka likizo. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu bomba limepindwa kama shingo ya bata, ili maji kidogo yabaki pale na kuzuia hewa ya shimo la taka isipande. Katika hewa kavu maji hayo hukauka kwa majuma machache. Kumwaga jagi la maji tunduni kila juma kwatosha, na mwenye kusafiri aongeze kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke upesi.

Hayo yote ni hasara na usumbufu. Lakini liko swali ambalo ni nadra kuulizwa, nalo lapita yote kwa hatari: je, maji machafu yaweza kurudi ndani ya bomba safi? Yaweza sana. Katika miji ambayo maji huja kwa zamu, bomba likikauka hufyonza. Mpira ulioachwa umezama katika ndoo ya nguo chafu au katika birika la kunyweshea mifugo huvuta maji yale mpaka bombani, na zamu ijayo jirani huyanywa. Bomba lililopasuka likapita kando ya shimo la choo hufyonza vivyo hivyo kutoka ardhini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya mwezi wa Oktoba 2022 ulifika Garissa, Wajir na Mandera, na ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Mdomo wa mpira, basi, ubaki juu ya chombo daima, usizame. Valvu ya kuzuia maji yasirudi yafaa kuwekwa mahali bomba linapoingia uani.

Wajir ina shida yake ya pekee. Maji ya visima vyake yako karibu sana na uso wa nchi, na kwa miaka mingi wakazi walitumia vyoo vya ndoo, kwa sababu shimo likichimbwa lilikutana na maji. Mwenye kiwanja kidogo huuliza choo na kisima vikae umbali gani. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 30, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa kiasi cha mita 2. Mahali ambapo vipimo hivyo haviwezekani, choo cha shimo kisichimbwe kabisa. Lijengwe tangi la saruji lisilovuja, liwe likinyonywa na gari.

Na tangi la maji lililoingiwa na uchafu, au lililojazwa na lori lisilojulikana, husafishwa hivi. Hutolewa maji yote, husuguliwa kwa burashi, kisha hujazwa tena na kutiwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000 za maji. Mifereji yote hufunguliwa mpaka harufu ya dawa isikike, kisha hufungwa usiku kucha. Asubuhi maji hayo humwagwa mbali na miti na mifugo, wala hayanywewi, na tangi husuuzwa kabla ya kujazwa upya.