Wingu la Kwanza Lisikudanganye

Ikiwa una kitalu kidogo nyuma ya nyumba, au makopo ya miche yamejipanga dirishani kwako, bila shaka unaufahamu ule wasiwasi wa mwezi Machi. Jua la Januari na Februari limekausha kila kitu. Halafu alasiri moja mawingu meusi yanakusanyika, radi inanguruma kutoka upande wa msitu wa Kakamega, na matone ya kwanza yanapiga mabati. Harufu ya udongo uliolowa inapanda. Mikono inakuwasha. Unatamani kuitoa miche yote na kuipanda papo hapo.

Leo nakusihi ungoje kidogo. Nina sababu ya kukuambia hivyo, nayo si ya kujivunia.

Mwaka 2019 nilikuwa nikiishi katika nyumba ya kupanga mtaani Amalemba, mjini Kakamega. Jirani yangu alikuwa mama mjane aliyeuza mboga sokoni. Alikuwa ameotesha miche ya nyanya ipatayo mia tatu chini ya kivuli cha majani ya migomba, na hesabu yake ilikuwa moja tu: nyanya zikiiva Juni na Julai, karo ya muhula wa tatu ya bintiye imepatikana. Mapema mwezi Machi mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Mimi, ambaye mtaa mzima ulijua kuwa huandika mambo ya bustani gazetini, nikamwambia, "Mama, masika ndiyo hayo. Toa miche leo." Akatazama mbingu, akachota udongo kiganjani, akanyamaza. Kisha akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma." Jioni ile tukaipanda yote.

Mvua ikakatika. Mwezi uo huo kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji karibu na mji wa Beira, na wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wakaeleza kuwa kilivuruga pepo zinazotuletea unyevu. Masika yakachelewa mno. Ile miche iliyotolewa kivulini na kutupwa juani ikababuka majani, yakawa meupe kama karatasi. Siku ya tano mingi ilikuwa imelala chini. Tulibeba maji kwa mitungi asubuhi na jioni, lakini iliyopona haikufika arobaini. Karo ya muhula ule ilipatikana kwa kuuza mbuzi aliyekuwa akiwekwa kwa jambo jingine. Mama yule hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhamisha mche wowote huuliza maswali mawili. Je, mche wenyewe uko tayari? Je, ardhi iko tayari? Kalenda huja nyuma ya hayo.

Pengine umenunua pakiti ya mbegu kutoka ng'ambo ukasoma kwamba miche itolewe nje mwisho wa majira ya machipuko, sakitu ikishapita. Maneno hayo ni ya kweli huko yalikoandikwa. Uingereza na Ujerumani mtunza bustani huogopa usiku mmoja wa baridi kali mwezi Mei, ambao unaweza kugandisha maji yaliyo ndani ya majani na kuua nyanya zote. Hapa kwetu sakitu inajulikana Kinangop na Limuru. Kakamega, mji ulio karibu mno na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hauna machipuko wala sakitu ya kungojea. Adui zetu ni jua kali la mvua iliyokatika, mvua ya mawe, na udongo uliogeuka tope. Machipuko yetu ni masika.

Na masika hayana ahadi. Kwa kawaida Kakamega hupata mvua nyingi, hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Huanza Machi, hupamba moto Aprili na Mei, hupungua kidogo, kisha hurudi tena kuanzia Agosti. Lakini mwaka 2019 mvua ilichelewa, na mwaka 2024 ilimwagika hadi mafuriko yakaua watu na kuharibu mashamba sehemu nyingi za Kenya. Aliyepanda kwa tarehe ileile miaka yote miwili alipata hasara mbili tofauti.

Tuanze na mche. Sukuma wiki, kabeji na nyanya huwa tayari wiki ya nne hadi ya sita baada ya mbegu kuota. Vitunguu huhitaji wiki sita hadi nane. Lakini usihesabu wiki pekee. Tazama mche wenyewe: uwe na majani halisi manne hadi sita, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na shina nene linalokaribia kalamu ya risasi. Mche mrefu, mwembamba, uliopauka na kuegemea upande ni mche uliokuwa ukitafuta mwanga. Huo haujawa tayari hata kama umri wake umetimia.

Ukiisha kufikia kimo hicho, uzoeshe. Jambo hili ndilo watu wengi hulisahau, nami nililisahau siku ile. Jani lililokulia kivulini ni laini, na ile nta inayolinda ngozi yake ni nyembamba. Ukilianika ghafla hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, na jua hulibabua. Basi anza siku saba hadi kumi kabla ya kupanda. Siku mbili za kwanza, upe mche jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, mahali pasipo na upepo mkali, kisha urudishe kivulini. Ongeza saa mbili hivi kila siku. Siku ya sita uache nje mchana kutwa. Siku mbili za mwisho ulale nje. Ikiwa ni kitalu cha ardhini, punguza majani ya kivuli kidogo kidogo hadi kitalu kibaki wazi.

Siku hizo punguza maji pia, lakini usiutese mche hadi unyauke. Upepo mwanana nao ni mwalimu mzuri, kwani shina linalotikiswa hukomaa. Samaki mkunje angali mbichi, na mche vilevile.

Sasa tuje kwenye ardhi. Usidanganywe na uso wa udongo uliolowa. Chimba kwa mkono hadi kina cha shubiri moja. Ukikuta vumbi huko chini, mvua iliyonyesha ni ya kutuliza vumbi tu. Ukikuta unyevu, chota udongo uukamue kiganjani. Maji yakichuruzika vidoleni, ardhi imelowa kupita kiasi: mizizi itakosa hewa na shina linaweza kuoza. Udongo ukimwagika kama unga, ni mkavu mno. Ukishikana kuwa donge, kisha ukavunjika ukiubonyeza kwa kidole, ardhi iko tayari. Hilo ndilo jirani yangu alilokuwa akilitazama kiganjani siku ile, nami sikumwuliza alichokiona.

Ngoja pia mvua irudi mara kadhaa katika muda wa wiki moja, na usikilize utabiri wa hali ya hewa redioni. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema. Hawakusema kuwa wingu moja ndilo masika.

Siku ya kupanda chagua jioni baada ya saa kumi, au siku ya mawingu. Hapa Kakamega mvua ya radi hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo ukiona anga limejaa, subiri lishushe kwanza, kisha upime udongo tena. Mwagilia kitalu saa moja kabla ya kung'oa, ung'oe mche na udongo wake, na uushike kwa majani wala si kwa shina. Sukuma wiki ipande kwa kina kilekile ilichokuwa nacho kitaluni, nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 hadi 60 kati ya miche. Nyanya unaweza kuizika hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake huota mizizi. Shindilia taratibu, mwagilia, tandaza nyasi kavu bila kugusa shina, na usimike tawi lenye majani upande wa jua la mchana kwa siku tatu. Kipande cha gazeti kilichozungushwa shinani, kikaingia ardhini kidogo, humzuia sota, yule kiwavi anayekata miche usiku. Ila umalize kusoma safu hii kwanza!

Mvua ya mawe je? Kwa wachache wenye miche ishirini au thelathini, kikapu kikuukuu au sufuria iliyotoboka ikifunikwa juu ya mche hutosha. Wenye shamba hawana sufuria za kutosha, na kinga yao ni ile niliyofundishwa baadaye: usipande miche yako yote siku moja. Bakiza theluthi moja kitaluni. Hiyo ndiyo akiba yako.

Neno moja kuhusu nyanya. Mvua nyingi na baridi huleta ule ugonjwa unaokausha majani kwa mabaka meusi, uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Ukipanda nyanya kilele cha masika bila paa la nailoni, jitayarishe kwa vita. Ipe kila moja nafasi na mti wa kuegemea, na uondoe majani yanayogusa ardhi.

Tena, si kila mboga hupenda kuhamishwa. Karoti, maharagwe na kunde panda pale pale zitakapokaa. Mboga zetu za kienyeji kama saga, mrenda na mitoo nazo aghalabu hupandwa kwa mbegu shambani moja kwa moja, kwani saga hasa huchukia kusumbuliwa mizizi. Managu ndiyo isiyo na maringo, inahamishika vizuri.

Wewe mwanafunzi unayepanga chumba Lurambi karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, au familia iliyo ghorofani Nairobi, usiseme hili halikuhusu. Kopo la rangi lililotobolewa chini, au gunia lenye udongo na samadi iliyooza vizuri, hulisha sukuma kadhaa. Kwako swali la ardhi ni rahisi, maana maji unayatawala wewe. Swali la mche linabaki lilelile: kutoka dirishani hadi kibarazani penye jua ni safari ya siku saba. Walio Nairobi wakumbuke pia kwamba Juni na Julai ni baridi na mche hukua polepole, kwa hiyo wasichelewe sana.

Jirani yangu hakuacha kilimo. Agosti ya mwaka uleule, mvua iliporudi, alikuwa na kitalu kingine cha managu na sukuma wiki. Nilipita hapo baada ya mvua ya kwanza, nikanyamaza kabisa. Akachota udongo, akaufumbata, akaniwekea donge kiganjani. "Haya mwandishi," akaniambia, "leo wewe ndiwe utakayeniambia." Nikalibonyeza. Likamwagika kama unga. Nikamwambia, "Bado, mama." Akacheka, akarudi jikoni.

Alipanda siku kumi baadaye, theluthi mbili tu. Akiba ilimfaa kuziba mapengo machache, na iliyosalia akawauzia majirani.

Basi msomaji wangu, kabla hujatoa mche nje wiki hii, inama kwanza uguse udongo. Tukijaaliwa, tuonane Jumapili ijayo.