Kasi ya prosesa isilipiwe mara mbili

Mwenye duka la kuhariri video za harusi au kusafisha picha anapotafuta kompyuta ya mezani hukabiliwa na swali la mtaji. Je, anunue prosesa ya bei ya juu, au anunue ya kati kisha aiongeze kasi kidogo kuliko ilivyowekwa kiwandani?

Wengi huvutwa na njia ya pili kwa sifa za zamani. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A yenye kasi ya megahezi 300. Waliopandisha mapigo ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100 walipata megahezi 450, yaani nyongeza ya asilimia 50 kwa bei ile ile. Neema hiyo haipo tena. Prosesa za sasa hujipandisha kasi zenyewe kazi inapokuwa nzito, hivyo kiwanda kimekwisha kuchuma sehemu kubwa ya faida iliyokuwa ikiachwa kwa mnunuzi.

Kinachobaki ni kidogo, tena kina gharama. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini volti ikiongezwa hupanda kwa haraka zaidi. Kasi ikizidishwa kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, matumizi hupanda kwa takriban asilimia 33. Mkulima anaielewa hesabu hii: mbolea ya kwanza huinua mavuno, ikizidi huunguza mazao, na fedha imekwisha kutoka. Joto hilo la ziada lazima liondolewe na feni kubwa zaidi, na katika duka lenye vumbi kazi hiyo si ndogo.

Ndiyo maana bei ya prosesa peke yake hudanganya. Mwaka 2017 Intel Core i5-7600K ilitoka kwa dola 242 za Marekani, ikiwa na viini vinne na bila feni. Ili iongezwe kasi ilihitaji mazabodi ya daraja la Z, ambayo ni ghali. Mwaka huo huo AMD ilitoa Ryzen 5 1600 kwa dola 219, ikiwa na viini sita na feni ndani ya boksi, nayo ilikubali kuongezwa kasi kwenye mazabodi nafuu ya daraja la B. Kwa kazi ya video, ambayo hugawanywa kwa viini vyote, hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na hesabu nzuri ya biashara.

Mnunuzi asome herufi kabla ya kutoa fedha. Kwa Intel, herufi K huonyesha prosesa iliyofunguliwa kwa kazi hiyo. Ryzen za mezani karibu zote zimefunguliwa, lakini mazabodi za daraja la A, kama A320 na A520, hazikubali. Kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika kwa kawaida hazina nafasi hiyo kabisa. Muuzaji anayeahidi kwamba zitaongezwa kasi anauza maneno.

Ikumbukwe pia kwamba dhamana ya kiwanda haifidii prosesa iliyoharibika kwa kuongezwa kasi. Iliyovutwa kupita kiasi yaweza kukosea kimya kimya, faili likaharibika bila onyo. Asilimia tano ya kasi haiwezi kulipia video ya harusi iliyopotea, maana harusi hairudiwi.

Anayetunza hesabu za duka au za shamba hana haja na jambo hili. Fedha yake iende kwenye memori na diski ya SSD. Anayehariri video achague prosesa ya kati yenye viini vingi, aiongeze kasi kidogo bila kugusa volti, aijaribu kwa saa kadhaa kwa kazi nzito, na ikiyumba airudishe ilivyokuwa. Kulipia nyongeza kwa mazabodi, feni na umeme, wakati prosesa ya daraja linalofuata ingeweza kununuliwa kwa fedha hiyo hiyo, ni kulipia kasi moja mara mbili.